Kituo Kilichoitwa cha Kujifunza



Wengi wetu wenye king'amuzi tunazijua herufi tatu hizi: TLC. Waulize kina mama kumi ni kituo gani hicho, watakwambia ndicho kinachoonesha mabibi harusi wakigombania magauni, wachumba wa siku tisini, yule Mmarekani aliyekuwa na wake wanne, na watu wenye uzito uliowashinda. Wachache sana watakwambia kwamba herufi hizo zilikuwa kifupi cha The Learning Channel, yaani Kituo cha Kujifunza.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu limeingia ndani ya ukoo wetu na limevunja posa. Nitafika huko inshallah. Kwanza tukijue kituo chenyewe kilikotoka, maana kisa chake ni kisa cha televisheni nyingi.

Masomo kutoka angani

Mwanzo wake ni mwaka 1972. Serikali ya Marekani, kupitia wizara yake ya afya, elimu na ustawi wa jamii, ikishirikiana na shirika la anga la NASA, ilitaka kuwafikishia elimu watu wa milima ya Appalachia, mashariki ya nchi hiyo. Huko kuna machimbo ya makaa ya mawe, vijiji vilivyojificha mabondeni, na umasikini uliozoeleka. Mwalimu wa kijijini aliyetaka kujiendeleza ilikuwa taabu kwake kufika chuoni. Basi wakaona masomo yamfuate yeye, kwa satelaiti.

Satelaiti hiyo, ATS-6, ilirushwa mwaka 1974. Na hapa kuna jambo ambalo lilinifurahisha nilipolijua. Mwaka 1975 ilisogezwa kutoka upande wa Marekani ikaletwa juu ya ikweta, juu ya Afrika Mashariki yetu, ili mawimbi yake yafike India. Kwa mwaka mmoja, vijiji vya India kama 2,400 vilitizama vipindi vya kilimo, afya, uzazi na masomo ya watoto. Chombo kilikuwa juu yetu sisi, mvuvi wa Nungwi akilala usingizi wake, na darasa la wakulima wa India likipita angani. Wakati huo Zanzibar tayari tulikuwa na televisheni yetu ya rangi, tuliyoianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wenzetu wa Bara walikuja kupata vituo vyao mwaka 1994. Kwa hiyo tusijione wageni katika habari hii. Wazee wetu wa hapa waliiona televisheni ikiwa bado ni kitu cha kuamkiwa kwa heshima.

Mwaka 1980 ule mradi wa Appalachia ukatoka mikononi mwa serikali, ukapewa jina la The Learning Channel. Mwaka 1991 ukanunuliwa na kampuni ya Discovery. Kwa miaka mingi bado ulifundisha: sayansi, historia, tiba, kazi za mikono. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, lile jina refu likaanza kufichwa, zikabaki herufi peke yake. Ni kama duka lililoandikwa "Dawa" likafuta maandishi taratibu, likaacha ubao mweupe na wateja wale wale.

Mwaka 2000 kikaja kipindi cha Trading Spaces. Majirani wawili wanabadilishana nyumba, kila mmoja anampambia mwenzake chumba kimoja kwa siku mbili na dola 1,000. Mimi nisingekilaumu, kupamba chumba nako ni kujifunza. Lakini watu walizungumza zaidi juu ya mwenye nyumba aliyelia kwa kuchukizwa na chumba chake kuliko namna ya kuchanganya rangi. Machozi yalikuwa yameshinda somo.

Baada ya hapo ikawa mteremko. Ikaja familia ya Jon na Kate, mume na mke wenye watoto wanane, pacha wawili na sita waliozaliwa kwa mpigo. Mwanzoni kilikuwa kipindi cha malezi: vipi unawavisha, unawalisha, unawapandisha garini. Juni 2009 wazazi hao wakatangaza kutengana mbele ya kamera, na watizamaji zaidi ya milioni 10 waliangalia siku hiyo. Fikiria wewe ndiye mwenye kituo. Miaka miwili umeonesha mama akiosha vyombo vya watoto wanane, halafu talaka inakuletea watu ambao hujawahi kuwapata. Utatafuta nini tena kesho? Mwaka 2012 jimbo lao la Pennsylvania lilipitisha sheria mpya ya ajira za watoto iliyowagusa na watoto wa vipindi vya aina hii. Ilibidi sheria iseme kwamba mtoto anayepigwa picha nyumbani kwao kila siku naye yuko kazini.

Kwa nini wameacha kufundisha

Jibu fupi ni pesa. Kipindi cha wanyama kinataka mtaalamu akae porini miezi, pengine arudi mikono mitupu. Kipindi cha historia kinataka watu wa kusoma nyaraka na wa kuhakiki kila neno. Mchezo wa kuigiza unataka waandishi na waigizaji wa kulipwa. Lakini familia moja inayogombana inataka kamera, taa na mtu wa kuchochea. Waandishi wa Marekani walipogoma kwa siku 100, kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, tamthilia zilisimama lakini vipindi hivi viliendelea, na wenye vituo wakazidi kuona faida yake.

Wengine tunadhani kwa kuwa hawasomi karatasi basi wanaishi tu, na kamera imewakuta. Sivyo. Wanachaguliwa watu wenye kidonda kinachojulikana. Wanakutanishwa mahali pamoja kwa makusudi. Mtu anaulizwa, "Umesikia wifi yako alivyosema?" Yanapigwa masaa mengi, zinachukuliwa dakika chache. Neno lililosemwa Jumatatu linabandikwa juu ya uso wa Alhamisi. Yale mahojiano ya mtu aliyekaa peke yake akisema "sasa hivi nimekasirika" mara nyingi hupigwa siku nyingi baadaye, hasira ishapoa, anaombwa aipashe moto. Kuna wakati TLC wenyewe walijitangaza kuwa ni maisha yasiyoandikwa. Kweli hayakuandikwa. Yalipangwa, yakakatwa, yakashonwa.

Nguva wa kweli na nguva wa uongo

Mfano ulioniuma zaidi ni wa baharini. Mwaka 2012 kituo cha Animal Planet, ndugu wa TLC chini ya kampuni ile ile, kilionesha kipindi kuhusu watu wa baharini, nusu mtu nusu samaki. Walikuwamo wanasayansi wakizungumza kwa uhakika, picha za kamera za siri, na sauti zilizonaswa chini ya maji. Wanasayansi wale walikuwa waigizaji. Watu wengi waliamini, hadi idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari ikalazimika kutoa taarifa kwamba hakuna ushahidi wowote wa viumbe hao. Mwaka uliofuata Discovery wakafanya hivyo hivyo kwa papa mkubwa wa kale ambaye ameshatoweka zamani sana, wakadai huenda bado yupo.

Sisi watu wa visiwani tuna haki ya kulisemea hili. Nguva yupo. Ni mnyama wa kweli, ananyonyesha mtoto wake, anakula majani ya baharini kama ng'ombe anavyokula malishoni, na anaishi katika mwambao huu huu wa Afrika Mashariki. Amebaki mchache mno. Nyavu zinamnasa, na majani anayokula yanaharibika. Wangeweza kumwonesha huyo, na mtoto wa Marekani angeshangaa na kujifunza. Wakaona wa uongo anauza zaidi.

Na kwa nini waliaminika? Kwa sababu miaka na miaka vituo hivyo vilionesha simba wa kweli na papa wa kweli. Watu waliweka imani yao hapo kama mtu anavyoweka dhahabu yake kwa jirani mwaminifu. Uaminifu ule ndio uliotumika kuuzia uongo. Katika dini yetu jambo hilo lina jina: ni khiyana ya amana.

Posa iliyovunjika

Sasa nifike nyumbani. Nimemwomba ruhusa mwenyewe na amenipa, jina nimelihifadhi.

Binti wa dada yangu ana miaka ishirini na mbili. Posa ilikuja, washenga wakapokewa vizuri, mahari yakatajwa, ndoa ikapangwa Mfungo Mosi. Kijana mpole, mwenye kazi yake, na wazazi wake tunawajua. Katika miezi ile ya kungojea, mtoto wetu alikuwa mtizamaji mkubwa wa 90 Day Fiancé, kipindi kilichoanza mwaka 2014. Kinahusu wageni wanaoingia Marekani kwa viza ya uchumba, ambayo inawapa siku 90 tangu kuingia wawe wameshafunga ndoa. Sheria hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini kinachooneshwa zaidi ni kushukiana, kupekuliana simu, na mama wakwe wakirushiana maneno mezani.

Siku moja yeye na shoga yake wakaamua kumjaribu mchumba. Shoga akamwandikia kijana kwa namba asiyoijua, akajifanya msichana aliyemwona dukani Darajani. Kijana akajibu salamu. Akajibu tena kwa adabu. Mara ya tatu akauliza, "Samahani, wewe nani?" Basi. Yale majibu mawili ya mwanzo yakawa ushahidi. Mtoto wetu akajirekodi akiyasoma huku analia, akaituma video kwenye kundi la mashoga zake. Ilimfikia mama wa kijana kabla ya Isha.

Mshenga wao alirudi siku ya tatu, mzee wa watu, akakaa barazani na wala hakutaka chai. Akasema, "Sisi tulikuja kuposa mke. Hatukuja kuposa kamera." Akaaga.

Dada yangu alipomuuliza mwanawe mambo haya kayatoa wapi, mtoto hakuonesha ujeuri. Alijibu kwa mshangao wa kweli: "Mama, mbona ndivyo watu wanavyofanya? Utamjuaje mtu bila ya kumjaribu?" Alijibu kama mwanafunzi anayemtaja mwalimu wake. Hapo ndipo nilipoelewa. Tunasema televisheni imeacha kufundisha, lakini haijaacha hata siku moja. Inafundisha mchana na usiku, na wanafunzi wake ni wasikivu kuliko wa skuli zetu. Ilichoacha ni kuwajibika kwa somo.

Mlinganishe mwalimu huyo na somo. Sisi tuna mila ya kumpa mwari somo wa kumfunda: mama mtu mzima, anayejulikana mtaani, mwenye ndoa yake au aliyewahi kuwa nayo. Anamfundisha usafi, kauli, subira, haki za mume na haki zake yeye mke. Mlango umefungwa. Na akishamfundisha hamkimbii. Siku wawili hao wakikwaruzana, somo ndiye anayeitwa. Yakiharibika, lawama inamfika, maana jina lake linajulikana. Sasa mtazame yule wa kwenye kioo. Aliyechochea ugomvi hatumuoni. Aliyekata picha hatumjui. Posa ikivunjika Unguja, hakuna wa kumpigia hodi.

Somo anafunga mlango ili afundishe. Kamera imeufungua mlango na haina la kufundisha.

Sura moja ya kuisoma tena

Naomba kila mwenye kusoma hapa, usiku wa leo aifungue Suratul Hujurat, yenye aya 18 tu, asome na tafsiri yake. Humo tumeelekezwa kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, kutodharauliana, kutoitana majina mabaya, kuepuka dhana, kutopelelezana na kutosengenyana. Baada ya kuisoma washa hivyo vipindi kwa nusu saa. Utaona kwamba kila tulichokatazwa pale, hapa ni kazi yenye mshahara. Kuna anayelipwa kudhania, kuna anayelipwa kupeleleza, kuna anayelipwa kumsema mwenzake akiwa chumba cha pili. Nasi tumekaa na bakuli la bisi.

Tunajipa moyo kwamba hao ni watu wa mbali, hatuwajui, hivyo si kusengenya. Mimi si mwanachuoni, swali hilo tuwapelekee masheikh na maustadhati zetu. Nisemalo ni kwamba moyo hauna chumba cha wageni na chumba cha jamaa. Ukiuzoesha kufurahia aibu ya mwanamke wa Georgia, siku ya aibu ya jirani wa Kwamtipura utaona haujui kuinamisha macho.

Tuwe waadilifu

Sitaki kuwaonea. Televisheni ya kufundisha ilikuwa na yake pia: mzee mmoja amekaa mbele ya ramani, sauti moja, saa nzima, watoto wamelala. Na mwanamke aliyeamka alfajiri, akapika, akaenda kazini, akarudi akapika tena, ana haki ya kitu chepesi cha kumpumzisha akili. Pia wapo waliofaidika. Kuna jamaa yangu aliona mgonjwa mwenye uzito mkubwa akieleza anavyokula akiwa na huzuni, akajitambua, akaenda hospitali. Kheri haikosekani.

Wala si kweli kwamba kufundisha hakupendezi. Watoto wetu wanajua. Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, kinafundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo, kwa Kiswahili, na mtoto anakuomba akiwashiwe. Katika miaka ya 2000 tulikuwa na Tucheze Tujifunze hapa kwetu, masomo ya redio kwa watoto wa Unguja na Pemba ambao hawakuwa na skuli ya maandalizi karibu nao. Redio moja, mama mmoja wa kijiji wa kuwasimamia, watoto wanaimba na kuhesabu. Hakukuwa na kamera wala ugomvi. Aliyetengeneza alijiuliza kwanza mtoto atatoka na nini.

Tunachokifanya nyumbani kwetu

Tangu lile jambo, katika ukoo wetu tumekubaliana mambo machache. Nayataja huenda yakamfaa mtu.

La kwanza, hatukukata king'amuzi. Tunatizama, lakini kwa maswali. Mama mkwe wangu ndiye bingwa. Mtu akilia tu kwenye kioo, anauliza: "Na huyu anayempiga picha, kwa nini hampi kitambaa?" Wajukuu wanacheka, lakini sasa wanauliza wenyewe.

La pili, somo aje mapema. Tumezoea kumleta wiki ya harusi, msichana ameshapata mafunzo ya miaka kumi kutoka kwenye simu. Tumeanza kuwakalisha mabinti na mashangazi na kina mama wadogo mara moja kwa mwezi, bila ya simu, wanauliza wanachotaka kuhusu ndoa. Maswali yao yametushangaza. Wanayoyataka kuyajua ni yale yale waliyoyataka bibi zetu.

La tatu, watoto wetu na ugomvi wetu hautoki nje kwa video. Tukisikitika kwa wale watoto wanane wa Pennsylvania, tusiwe na kamera ile ile mfukoni.

La nne, harusini. Mpiga video asimwambie bi harusi alie tena kwa kuwa mara ya kwanza hakuwahi kumpata. Limetokea mbele yangu, na yule mtoto akajikamua machozi ya pili. Akiwa amelia, amelia. Allah ameona.

Mpwa wangu yupo salama, alhamdulillah. Yule kijana ameshaoa kwengine, na tumemwombea kheri. Binti yetu yeye ndiye anayekuja mapema kuliko wote kwenye kile kikao cha kila mwezi, na mara iliyopita alikuja na wenzake watatu.

Ewe Mola wetu, utusitiri kwa sitara yako, uwape mabinti zetu walimu wanaowaogopea, na uzijaze nyumba zetu elimu yenye manufaa. Amin.

Na nyinyi wenzangu, somo wako alikuwa nani, na ni neno gani alilokufunda ambalo bado unalitumia? Niandikieni yale yanayoandikika. Mengine tuyaache nyuma ya mlango, ndipo mahali pake.